Safari ya Meli na Familia: Anzeni na Pasi ya Mama



Kila likizo ya skuli inapokaribia, jamaa zetu hapa Uingereza huulizana juu ya meli za matembezi zinazoondoka Southampton. Bei yake huwavutia wenye watoto wengi, kwa kuwa chumba, chakula na nauli hulipwa pamoja. Nimeombwa niandike machache ya kuwafaa wanaokusudia safari hiyo. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifunza mengi ya haya.

Mama yangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Unguja, akiwa na viza ya matembezi ya Uingereza. Mimi, mke wangu na watoto tuna pasi za Uingereza. Meli ilikuwa iende La Coruña na Lisbon, kisha irudi. Nilidhani kwamba mama, kwa kuwa miguu humsumbua na hakukusudia kushuka bandarini, hahitaji viza nyingine. Pale gatini karani alifunua kurasa zote za pasi yake, akauliza iko wapi viza ya Schengen. Haikuwako. Mke wangu na watoto wakapanda, mimi nikabaki na mama. Alikaa juu ya sanduku lake, akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe mzigo uliozidi ni mimi."

Fedha zetu hazikurudi, wala bima haikulipa, kwani aghalabu bima hailipi hasara itokanayo na upungufu wa hati. Lakini neno lile liliniuma kuliko fedha. Tangu siku hiyo nimeshika kanuni moja: safari ya familia haipangwi kwa kumtazama mwenye pasi yenye nguvu, bali mwenye hati dhaifu, mwenye umri mkubwa na mwenye umri mdogo kuliko wote.

HATI ZA SAFARI

Kampuni za meli hudai viza ya kila nchi ambayo meli itatia nanga na viza yake ni lazima, hata kama abiria hatashuka. Mwenye pasi ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo huhitaji viza ya Schengen kwa bandari za Ufaransa, Hispania, Ureno na Norwei. Ombi hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na kwa kawaida lisipungue siku 15. Mgeni aliyekuja hapa kwa matembezi mara nyingi huambiwa aombe nchini anakoishi. Basi mzazi na aombe kabla hajaondoka nyumbani. Tazameni pia idadi ya kuingia. Meli ikitoka Ufaransa, ikapita Guernsey, kisha ikaenda Hispania, huko ni kuingia Schengen mara mbili, na viza ya mara moja haitoshi.

Wenye hati za kusafiria za ukimbizi wasitegemee habari za jirani, kwa sababu nchi moja huweza kuipokea hati hiyo bila viza na nyingine ikaidai. Iulizeni kila bandari peke yake. Wenye ruhusa ya ukaazi wakumbuke kwamba kadi nyingi za ukaazi ziliisha muda wake tarehe 31 Desemba 2024, na mahali pake pana kumbukumbu ya mtandaoni. Hakikisheni pasi mnayosafiria imeunganishwa nayo. Na wenye pasi ya Uingereza nao wasijiamini mno: kwa nchi za Schengen pasi iwe imetolewa ndani ya miaka 10 kabla ya siku ya kuingia, na iwe na miezi 3 iliyobaki baada ya siku ya kutoka.

MJA MZITO, MTOTO NA MGONJWA

Kampuni nyingi hazimchukui mja mzito atakayefikia wiki 24 kabla safari haijaisha, nao hudai barua ya daktari au mkunga. Mtoto mchanga aghalabu awe ametimiza miezi 6, na kwa safari za kuvuka bahari kuu miezi 12. Mtoto avaaye nepi kwa kawaida haruhusiwi kuingia katika bwawa la kuogelea. Mwambieni mapema, asije akalia mbele ya maji.

Daktari wa melini hulipwa, na NHS hailipi gharama zake. Bima iwe imeandikwa wazi kuwa ni ya safari ya meli, na maradhi ya sukari, presha au moyo yatajwe yote. Dawa zichukuliwe katika mkoba wa mkononi, kwa kuwa masanduku yanayotolewa gatini huenda yasifike chumbani mpaka jioni. Akitokea mtu kutapika na kuhara, msifiche; huambiwa akae chumbani ili asiambukize wengine. Na mikono ioshwe kwa sabuni na maji, maana dawa ya kupaka mikononi haitoshi kuviua virusi vya maradhi hayo.

VYA KUACHA NYUMBANI

Hofu kubwa ya meli ni moto. Pasi ya nguo, birika la umeme, mishumaa, makaa na ubani huchukuliwa wakati wa ukaguzi. Akina mama, chetezo na udi vibaki nyumbani, marashi yatatosha. Sambusa na vitumbua vya njiani pia viliwe kabla ya kufika gatini, kwa kuwa chakula kilichopikwa nyumbani hakipandishwi.

Kwa jioni za mavazi rasmi, msiharakishe kukodi suti. Meli nyingi huruhusu vazi la taifa badala yake, na kanzu safi pamoja na koti ni vazi la heshima popote.

CHAKULA NA IBADA

Ombi la nyama ya halali lipelekwe siku mnapolipia, kwa maandishi, nanyi mtake jibu kwa maandishi. Usiku wa kwanza, muulizeni msimamizi wa ukumbi wa chakula nyama hiyo hupikwa katika chombo gani. Pasipo jibu la kuridhisha, samaki, mayai na mboga zipo tele, ila ulizeni kama mchuzi umetiwa mvinyo na kama vitamutamu vina jelatini ya nguruwe.

Kibla hugeuka kila meli igeukapo. Dira ya simu huweza kupotoshwa na chuma cha meli, basi sisi tulitazama ramani iliyoonyeshwa kwenye televisheni ya chumbani, tukalinganisha na jua kutoka sitahani. Chumba cha ndani ndicho cha bei nafuu, lakini hakina dirisha. Alfajiri hamtaiona, wekeni saa ya kuamsha. Wanaokwenda Norwei mwezi Juni wajue kwamba kaskazini kabisa jua halizami, na hata kusini yake usiku hauwi giza. Juu ya nyakati za sala huko, na juu ya kukusanya na kupunguza, muulizeni shekhe wenu kabla ya kuondoka.

KENGELE YA HATARI

Neno hili si la kupita nalo haraka. Wengi katika sisi tuna jamaa waliokuwamo Spice Islander ilipozama baina ya Unguja na Pemba, Septemba 2011. Miezi minne baadaye, tarehe 13 Januari 2012, meli kubwa ya matembezi Costa Concordia iligonga mwamba kando ya kisiwa cha Giglio, Italia, wakafa watu 32. Baadhi ya abiria waliopanda siku hiyo walikuwa bado hawajafanya zoezi la usalama, kwani sheria ya wakati huo iliruhusu lifanywe ndani ya saa 24. Tangu mwaka 2015 zoezi ni lazima lifanyike kabla ya kuondoka au mara tu baada ya kuondoka.

Siku hizi meli nyingi huonyesha mafunzo hayo chumbani au kwenye simu, kisha kila abiria huenda kujionyesha katika kituo chake. Nendeni nyote, na wazee mkawafasirie kwa Kiswahili. Ishara ni milio mifupi 7 ikifuatwa na mmoja mrefu. Jaketi la kujiokolea huvaliwa juu ya buibui, lifti haitumiwi, na hapana kurudi kutafuta dhahabu wala simu.

SAA YA MELI

Mwaka uliofuata mama aliomba viza mapema huko nyumbani, akaipata, nasi tukasafiri sote. Lisbon tuliambiwa turudi melini 16:30. Mwanangu, aliyezaliwa hapa, akamwambia bibi yake, "Turudi saa nne na nusu." Bibi akafahamu saa nne na nusu ya usiku, akajikalia kwa raha kwenye duka la vitambaa. Tulimpata kwa mbio. Meli haimsubiri aliyetembea kivyake, naye hujilipia kuifuata bandari ya mbele. Basi andikeni saa kwenye karatasi, mpe kila mtu, na muulize kama ni saa ya meli au ya mji, maana huweza kutofautiana.

Wahenga walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tuzunguke tuzungukavyo, mwisho hurudi kwa watu wetu. Jioni ile mama alikaa sitahani, shuka magotini, akaitazama nchi ikipungua, akaniuliza, "Safari hii mzigo umetimia?" Nikamwambia umetimia.

Kabla hamjalipa hata pauni moja, kusanyeni pasi zote mezani, na ya kwanza kufunguliwa iwe ya mama.

Wabillahi tawfiq.