Sindano ya Kupima Uvimbe wa Shingo

Mbele ya shingo yako, chini ya koo, kuna tezi yenye umbo la kipepeo. Pengine uvimbe mdogo kama haragi huota ndani yake. Watu wa kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu wamejua ugonjwa wa rovu tangu zamani, maana chakula chao kilikosa iode.

Uvimbe mwingi wa tezi hii si saratani. Lakini munganga hawezi kujua kwa kushika kwa mkono tu. Kwanza hutazama kwa mashine ya ekografia. Uvimbe mwingine huangaliwa tu mara kwa mara. Akiona dalili za mashaka, huingiza sindano atoe chembe chache, kusudi zipimwe katika maabara.

Hapo wagonjwa wengine hunung’unika: “Mbona sindano ndogo hivi? Kubwa ingeupata ugonjwa.” Sivyo, ndugu.

Fahamu hesabu ya sindano. Hesabu hii huenda kinyume: namba ikizidi, sindano ni nyembamba zaidi. Namba 25, yenye kichwa cha rangi ya machungwa, ina unene wa nusu milimeta tu. Namba 22, yenye kichwa cheusi, ina milimeta 0.7. Namba 18 ina milimeta 1.2.

Tezi ya shingo ina damu nyingi. Sindano nene hutoa damu nyingi, na damu huficha chembe. Mtu wa maabara huwa kama mwenye kutafuta dhahabu katika maji ya matope. Kwa hiyo munganga huanza mara nyingi na namba 25 au 27. Kama uvimbe una maji mazito, huchagua namba 22 au 23 kusudi yapite. Kama chembe hazikutosha tena na tena, pengine atatumia sindano nene ya kukata kipande kidogo, namba 18 hadi 21, akiisha kutia dawa ya ganzi. Ekografia humwonyesha ncha ya sindano, asiguse mishipa mikubwa wala njia ya pumzi.

Na wewe una kazi yako:

1. Sema mbele kama unameza aspirini au dawa ya kuzuia damu isigande. Usiiache bila shauri la munganga.

2. Sindano ikiwa ndani, usimeze mate, usiseme, usikohoe. Kama kikohozi kinakuja, inua mkono kidogo.

3. Usishangae akiingiza sindano mara mbili, tatu au zaidi. Anatafuta chembe za kutosha.

4. Sindano ikiisha kutoka, bonyeza pamba mahali pale kwa dakika 5 hadi 10.

5. Shingo ikivimba upesi, au ukishindwa kupumua vizuri, rudi hospitali mara moja, hata usiku.

Sasa shika neno moja zaidi. Siku nyingine jibu la maabara husema: “Chembe hazikutosha.” Neno hilo si sawa na “Hakuna ugonjwa.” Maana yake ni kwamba jibu halijapatikana bado. Wengine hufurahi, wakaenda shambani, wasirudi tena. Wewe usifanye hivyo. Rudi siku uliyopewa, upimwe tena. Saratani nyingi za tezi hii hupona zikijulikana mapema.