Ukungu wa Rangi na Pumzi Yako

Pengine kijana wako anajua kufanya kigari kwa waya na mkebe, au kuchonga mashua ndogo, mfano wa zile zinazofika Kalundu. Kazi hiyo ni njema. Sasa ametamani lile bomba dogo linalopuliza rangi kwa nguvu ya hewa, ili rangi ikae laini pasipo mistari ya burashi. Bomba hilo si geni: Abner Peeler wa Marekani alitengeneza moja katika miaka ya 1870.

Basi sikia. Watu hununua rangi ya akriliki, ile inayochanganywa na maji, wakisema, “Hii haina harufu kali, haidhuru.” Hayo ni nusu ya kweli. Ukiipaka kwa burashi, inakaa pale ulipoiweka. Ukiipuliza, inavunjika kuwa matone yasiyoonekana kwa macho. Matone makubwa hunaswa puani, nawe huyapenga. Yaliyo madogo kuliko sehemu moja ya mia ya milimita hushuka kifuani, na madogo kabisa hufika mwisho wa mapafu. Maji yatakauka, lakini gundi ya rangi na unga wake vitabaki humo. Tena rangi nyingine nyekundu na za manjano zina kadimiamu, nayo huharibu mapafu na figo. Kwa hiyo usiipime hatari kwa pua.

Afanye kazi nje, mbali na jiko na watoto. Huku Uvira mchana upepo hutoka ziwani mara nyingi. Umpige ubavuni, usimrudishie ukungu usoni. Apunguze nguvu ya hewa, apulize kidogo kidogo, tabaka jembamba juu ya jembamba. Kazi hupendeza zaidi hivyo, na rangi haipotei bure.

Kitambaa alichofunga puani hakitoshi. Hata kifuniko chepesi tunachovaa hospitalini hakikufanywa kwa ukungu wa rangi. Atafute kile cha mafundi, chenye chujio, kinachoshika uso pande zote. Ndevu huacha njia. Nacho chujio cha vumbi hakizuii mvuke wa dawa za kuyeyushia rangi.

Rangi ya magari, ile inayochanganywa na dawa ya kuigandisha, asiiguse kwa mchezo huu. Nyingi zina isosianeti, ziletazo pumu. Mtu akiisha kuzoeleka nayo vibaya, hata kidogo humkaba kifua. Na kopo la zamani lisilojulikana lisipake kitu cha mtoto mchanga, kwa maana risasi iliyomo katika rangi nyingine hudhuru ubongo wake, naye hutia kila kitu kinywani.

Kijana akikohoa au kifua kikilia filimbi usiku baada ya kupuliza, kisha akapata nafuu siku asizofanya kazi, mlete kwa muuguzi. Mje na kopo la rangi.