Yai la nzi wa maembe hupokea amri za mama

Tangu nzi wa matunda kutoka Asia, Bactrocera dorsalis, agunduliwe Kenya mwaka 2003, miembe ya Makueni na Kitui haijapumua. Mwaka 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka maembe Umoja wa Ulaya kwa sababu ya wadudu hawa. Mtego uliozoeleka shambani hutumia harufu ya methili yujenoli, na huo hunasa madume. Unasaidia, ila nashikilia kwamba wa kuandamwa kwanza ni jike, na sababu imo ndani ya yai.

Wataalamu wa Drosophila, yule nzi mdogo wa ndizi zilizoiva sana, wameonyesha kwamba kwa saa mbili hivi za mwanzo jeni za kiinitete karibu zote zimelala. Kinachoendesha kazi ni RNA mjumbe, yaani nakala za jeni, alizoziweka mama yai likiwa bado tumboni mwake. Tena ujumbe kuwepo si ujumbe kusomwa. RNA za jeni mbili, hunchback na caudal, zimetapakaa yai zima, lakini protini ya Bicoid huzuia caudal isisomwe upande wa kichwa, na protini ya Nanos, ikishirikiana na Pumilio, huifunga hunchback upande wa mkia. Mama asipoweka bicoid, mtoto hukosa kichwa na kifua, hata baba awe mzima kabisa. Kazi ya kutafuta jeni zinazopanga mwili hivi iliwapa Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus Tuzo ya Nobel mwaka 1995, pamoja na Edward Lewis.

Mtu atauliza: Drosophila na nzi wa maembe wapi na wapi? Hoja ina uzito, maana mbu wa malaria hana bicoid kabisa. Lakini nzi hawa wawili ni wa tawi moja la nzi, na kwa jamaa wa nzi wa maembe mama huweka pia ujumbe wa jeni ya transformer, unaowasaidia watoto wa kike kubaki majike. Katika maabara, jeni hiyo ilipozimwa kwenye viinitete vya Ceratitis capitata, mmoja wa jamaa hao, waliotarajiwa kuwa majike walikua madume. Mwingine atasema mkulima wa Wote, Makueni, hahitaji haya yote ili kuua nzi. Kweli, hahitaji. Anachohitaji ni chambo cha protini, kile kinachotengenezwa hata kwa masalio ya hamira ya kiwanda cha bia, kwa sababu jike hulazimika kula protini kabla mayai yake hayajakomaa. Akifa wakati huo, amri zake hufa naye, na hakuna yai lake litakaloingia kwenye embe. Akishataga, dawa ya kunyunyiza juu ya ganda haimfikii funza aliye ndani.