Jaribio Lililokosa Moduli Halijashindwa

Ndani ya msimbo wa Linux mna mkusanyo wa majaribio uitwao kselftest. Kila jaribio, likimaliza, huacha namba: 0 likifaulu, 1 likishindwa. Wengi huishia hapo, ilhali ipo namba nyingine yenye uzito uleule. Ni 4, yaani jaribio limerukwa.

Namba hiyo ipo kwa sababu viini (kernel) vya Linux havifanani. Anayekijenga kiini huchagua miongoni mwa maelfu ya vipengele: hiki hukiunganisha humohumo, kile hukitenga kiwe moduli ya kupakiwa kinapohitajika, kingine hukiacha kabisa. Jaribio la moduli ambayo haikujengwa halina cha kupima. Likirudisha 1, linatangaza hitilafu isiyokuwepo, na mtu atapoteza asubuhi nzima akiisaka. Likirudisha 0 ni vibaya zaidi, kwani ripoti itasema kipengele ni kizima wakati hakuna aliyekigusa.

Mfano mzuri ni skripti ndogo ya kselftest iitwayo module.sh. Kwanza huangalia kama inaruhusiwa kuandika kwenye /dev. Isiporuhusiwa, humtaka mtumiaji aiendeshe kama root, kisha inatoka kwa 4. Halafu huita modprobe, amri ya kupakia moduli, kwa alama ya -n, ambayo hupitia hatua za upakiaji bila kupakia chochote. Moduli isipopatikana, skripti huitaja kwa jina, na hapo pia hutoka kwa 4. Baada ya hapo hakuna msamaha: moduli ikipatikana lakini ikakataa kupakiwa, jibu ni 1.

Mpaka huo ndio msingi wa ufundi wote. Anayeandika kwamba kila modprobe ikigoma jaribio lirukwe, anaificha moduli iliyovunjika chini ya jina la moduli isiyokuwepo. Ukaguzi uje mapema pia, kabla jaribio halijaunda faili au kubadili mpangilio wa mtandao, la sivyo litaondoka na kuacha mashine imevurugika. Na namba iwe 4 kweli: Automake, zana ya kujengea programu, hutumia 77 kwa maana hiyohiyo, lakini kselftest ikiiona 77 huhesabu kushindwa.

Ujumbe nao una kazi. “Limerukwa” peke yake halimsaidii mtu; “moduli test_kmod haikupatikana” linamwelekeza moja kwa moja kwenye mipangilio ya kiini. Ndiyo maana folda nyingi za kselftest zina faili liitwalo config, lenye mistari kama CONFIG_TEST_KMOD=m, ambapo m inaagiza kipengele kijengwe kama moduli. Anayesimamia mashine za majaribio huyaunganisha mafaili hayo na mipangilio yake kabla ya kujenga kiini. Akifanya hivyo na jaribio bado likarukwa usiku baada ya usiku, anapaswa kulifuatilia kwa bidii ileile anayoitumia kwa lililoshindwa, maana kipengele hicho kinaendelea kubadilishwa bila mtu kukipima.