Fahamu: Kwa nini gari la umeme huchaji polepole kwenye chaja ya kasi

Nchini Norway, ambako mwaka 2024 karibu magari 9 kati ya kila 10 mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme, dereva anaweza kufika kwenye chaja ya kilowati 350 wakati wa baridi kali na kuona kioo kikionyesha 60 tu. Wengi huilaumu chaja, na mara nyingi wanaionea. Namba iliyoandikwa pale ni kikomo cha chaja. Mwenye uamuzi ni betri. Ikiwa baridi, chembe za lithiamu huingia taratibu kwenye grafiti iliyo ndani yake. Zikilazimishwa, hujikusanya juu ya grafiti kama metali, na sehemu ya uwezo unaopotea hivyo hairudi. Ndiyo maana kompyuta ya gari hupunguza umeme, na hufanya vivyo hivyo betri inapokaribia kujaa, hasa ikipita asilimia 80.

Yupo atakayesema kampuni hutangaza dakika 18 kutoka asilimia 10 hadi 80, kama Hyundai kwa Ioniq 5. Ni kweli, lakini kwa betri yenye joto linalofaa na chaja yenye nguvu ya kutosha. Ni kweli pia kuwa baadhi ya vituo hugawa umeme kati ya magari mawili. Hata hivyo, hata umeme usipogawanywa, Nissan Leaf ya zamani inayopokea takriban kilowati 50 haitanufaika na 350. Kampuni zingepaswa kutangaza muda wa baridi pia. Kwa sasa, kama gari lako linaweza kupasha betri joto, chagua kituo kwenye ramani yake mapema ili lianze kuipasha ukiwa njiani, na uchomoe ikifika asilimia 80.