Redio ya Maneno na Mfanyakazi wa Kasese

Redio tunaishi nayo kuliko gazeti. Kutoka kiwanda cha saruji Hima hadi mashamba ya Mubuku, na kutoka Kasese mjini hadi soko la Mpondwe kule Bwera, inalia tangu alfajiri. Lakini tukiulizana jioni redio imesema nini leo, wengi wetu tutataja nyimbo na matangazo ya biashara. Safari hii tunataka kuzungumza juu ya maneno yenyewe: michezo ya kuigiza, vichekesho na vipindi vya maarifa. Vikipangwa vizuri vinaweza kujaza siku nzima na kumfaa mfanyakazi. Vikishikwa na watu wabaya, vinaua.

Hatutii chumvi. Mwezi Julai 1993 mambo mawili yalianza katika sehemu yetu hii ya Afrika. Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo uitwao Twende na Wakati, mara mbili kwa juma, nusu saa kila mara. Ndani yake alikuwamo dereva wa lori aitwaye Mkwaju, mwenye mwanamke kila kituo, na mkewe Tunu aliyekuwa akihangaika na watoto nyumbani. Sisi wa barabara ya Mpondwe tunamjua Mkwaju huyo; malori yanayokwenda Kongo yanalala kwetu. Wasikilizaji hawakuhubiriwa. Walimfuata Mkwaju mwezi baada ya mwezi mpaka UKIMWI ukamwangusha, wakamwona Tunu akisimama na kujitegemea. Dodoma iliachwa bila mchezo huo hadi 1995 ili matokeo yalinganishwe, na ikaonekana kwamba waliousikia walibadili mwenendo zaidi.

Mwezi huo huo, Kigali, redio ya RTLM ilifunguliwa. Nayo ilikuwa redio ya maneno. Watu waliipenda kwa mizaha yake, kwa watangazaji wake wachangamfu na kwa muziki wa Zaire. Mizaha hiyo ilikuwa ikimdharau jirani, na ilipofika Aprili 1994 dharau imegeuka kuwa amri ya kuua. Desemba 2003 mahakama ya Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wake wawili. Kwa hiyo mtu akitwambia vichekesho ni vichekesho tu, tumwulize anayechekwa ni nani. Pwagu na Pwaguzi wa Redio Tanzania walituchekesha kwa ujanja wao wenyewe na tamaa zao. Huyo ni mchekeshaji. Anayeigiza lafudhi ya Mkongo aliyevuka mpaka kuuza bidhaa zake, akaona amemaliza kazi, huyo ni mvivu, na uvivu wake una hatari.

Maarifa tuliyahitaji sana mwaka 2019. Ebola ilikuwa imetangazwa Kivu ya Kaskazini tangu Agosti 1, 2018, na uvumi ulitembea kuliko ugonjwa: kwamba ni biashara ya waganga, kwamba chanjo ndiyo inayoua. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Kisha Juni 11 ikathibitishwa kwamba mtoto wa miaka 5 aliyetoka Kongo na kupelekwa hospitali ya Kagando, halafu Bwera, anao ugonjwa huo. Alikufa, na bibi yake na mdogo wake wakamfuata. Lakini ndani ya Uganda haukuenea. Hatusemi redio ndiyo iliyouzuia. Wauguzi wa mpakani walikuwa wamekwisha kuchanjwa tangu Novemba 2018, na jasho lao lisisahauliwe. Tunasema tu kwamba Mkonzo wa Bwera na Mnande wa Beni karibu wanasikilizana lugha, na redio haiulizwi pasi mpakani. Neno la kweli likisemwa upande mmoja, linasikika wa pili. Uongo vile vile.

Sasa, taabu yetu ni zamu. Aliye kazini jioni hausikii mchezo wa jioni, na asiyeisikia sehemu ya tatu ataielewaje ya nne? Tunaona ni haki mchezo urudiwe asubuhi. Tunaona pia kwamba kipindi kinacholipiwa na kampuni ili isifiwe kisiitwe cha maarifa. Maarifa ni kumweleza kibarua kwamba mchango wa NSSF ni asilimia 5 kutoka mshahara wake na 10 kutoka kwa mwajiri, na kwamba hiyo 10 haikatwi kwake. Maarifa ni kueleza mtu aliyekatwa kidole na mashine afanye nini siku ile ile. Jambo kama hilo linafaa hata mchezo: karani, msimamizi, mjane, na karatasi iliyopotea. Tungecheka na kulia.

Na tusikilize kwa pamoja. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, redio moja katikati, kitabu mkononi. Kipindi kikiisha walijadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hapa Uganda watu walikuwa na bimeeza, mijadala ya hadhara iliyorushwa redioni, hadi serikali ilipoipiga marufuku Septemba 2009. Kikundi cha wafanyakazi kumi chini ya mwembe hakihitaji mitambo yoyote.

Basi kila tawi lichague mtu mmoja wa kuandika maswali yanayotokana na vipindi, na wajumbe wawili wa kuyapeleka kituoni pamoja na saa za zamu zetu zikiwa zimeandikwa wazi. Wapeleke Kikonzo na Kiswahili, wasipeleke Kiingereza peke yake.