Kusoma Hisia Zilizofichwa Usoni

Binadamu hawasiliani kwa maneno peke yake. Uso nao husema. Ukiulizwa kuhusu ishara za uso katika mawasiliano, usiishie kuziorodhesha. Eleza pia mipaka yake.

Chukua mfano wa mkulima wa mwani wa Mlingotini, kata ya Zinga. Mnunuzi anamtajia bei ya kilo, nayo ni ya chini. Nyusi za mama yule zinakutana na midomo inabana, kisha papo hapo anatabasamu: "Haya mwanangu, tutazungumza." Uso wake umesema nini?

(a) Ishara ya kufumba na kufumbua. Mwaka 1969 wanasaikolojia wa Marekani, Paul Ekman na Wallace Friesen, walieleza kwamba mtu anapoficha hisia, uso wake unaweza kuzifichua kwa muda mfupi sana, chini ya sekunde moja, kabla hajaudhibiti.

(b) Tabasamu la midomo na tabasamu la macho. Mwaka 1862 daktari Mfaransa, Duchenne, alionyesha kwamba tabasamu la furaha hukaza pia misuli inayozunguka macho. Tabasamu la adabu huweza kuishia midomoni.

(c) Mabadiliko. Linganisha uso wa mtu na hali yake ya kila siku. Aliyezoea kukunja uso hajakasirika kwa sababu tu amekunja uso. Mcheshi aliyenyamaza ghafla ndiye wa kuangaliwa.

Mipaka ya ishara hizi

Kwanza, uso hausomwi namna moja kila mahali. Utafiti uliofanywa miongoni mwa Wahadzabe wa kaskazini mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2020 ulipata ushahidi mdogo kwamba watu wote husoma hisia usoni kwa namna ileile. Tunajifunza kuusoma uso ndani ya utamaduni wetu.

Pili, tunajiamini kupita kiasi. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2006 ulionyesha kwamba watu wanaojaribu kutambua mwongo kwa kumtazama na kumsikiliza hupatia takriban mara 54 katika 100. Kurusha sarafu kungekupa 50.

Tatu, ishara moja ina sababu nyingi. Nyusi za yule mama huenda ni hasira, huenda anapiga hesabu ya ada, huenda ni jua la mchana. Ishara inakuambia kuna jambo. Haikuambii ni jambo gani.

Hoja hii ina uzito nje ya chumba cha mtihani. Pesa zikipotea bwenini, mwanafunzi anayeinamisha macho mbele ya mwalimu anaweza kuitwa mwizi, ilhali amefunzwa nyumbani kwamba kumkodolea macho mkubwa ni utovu wa adabu. Vilevile, matokeo ya mtihani wa utamilifu yakibandikwa, mwenzako atasema "niko poa" huku midomo ikimtetemeka. Usimtangazie kwamba ana huzuni. Mvute pembeni, muulize, kisha msikilize.

Swali la kujipima

"Uso ni kioo cha moyo." Kwa kutumia hoja tatu, onyesha kwa nini kauli hii ni ya kweli kwa sehemu tu.